Wifi yenye majina mawili, nyumba ileile

MPALA – Mwezi wa tano 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano Kongo, iliipa Starlink kibali cha kufanya kazi nchini. Kwa vijiji vya kando ya ziwa kama Mpala, swali si tena intaneti itafika lini tu. Siku ikifungwa kwenye kituo cha afya au shule, nani atapewa neno la siri?

Kila mtu anajua inavyokwenda. Muuguzi anampa mwalimu, mwalimu anampa shemeji yake, na kabla ya jioni vijana wote wa ufukoni wanalo. Kumnyima jirani ni aibu, na mega ni ghali. Lakini mwenye neno lile hapati intaneti peke yake. Anakuwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta yenye orodha ya wagonjwa, mashine ya kuchapisha, hata ukurasa wa kuendeshea ruta.

Dawa ipo, wala haidai ruta ya pili. Redio moja ya ruta inaweza kutangaza majina mawili au zaidi, kila jina na neno lake la siri. Mafundi wanaita hicho kiolesura pepe. Ruta nyingi za dukani zinacho tayari kwa jina la mtandao wa wageni. Kwenye programu ya OpenWrt, fundi anaongeza kiolesura kingine juu ya redio ileile.

Wengi wanaishia hapo, na ndipo kosa lilipo. Jina la pili likiunganishwa na mtandao uleule wa ofisi, milango miwili inaingia chumba kimoja. Hiyo ni mbaya kuliko jina moja, maana watu wanalala wakidhani wamefunga.

Wageni wapewe mtandao wao wenye anwani zake, kwa mfano 192.168.2.1 kama ofisi iko 192.168.1.1, na kizuizi kinachowaruhusu kutoka kwenda intaneti tu. Waachiwe DHCP na DNS, la sivyo simu itazunguka bila kupata anwani, na fundi ataitwa usiku. Simu za wageni nazo zisionane zenyewe kwa zenyewe.

Kuna watakaosema huko ni kubagua watu. Hapana: neno la wageni likisambaa, linabadilishwa bila kugusa kazi ya muuguzi. Ila mega haziongezeki. Na kila jina linajitangaza karibu mara 10 kwa sekunde, likila nafasi hewani, kwa hiyo mawili au matatu yanatosha.

Kulijaribu hakuhitaji ufundi. Simu iingie kwa jina la wageni, kisha ifungue 192.168.1.1. Ukurasa wa ruta ukitokea, kazi haijaisha. CODESA ya kituo au COPA ya shule isimlipe fundi kabla hajafanya hivyo mbele yao, kwa simu ya mmoja wao.