Kabla ya kumpa mhudumu wa afya tuzo, ombeni kwanza kadi ya mtoto

Tuchukue fomu mbili zilizo juu ya meza ya kamati ya kata, kila moja ikimpendekeza mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe tuzo ya mwaka. Ni fomu za mfano tu, ila yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo atazitambua.

Ya kwanza imechapwa kwa kompyuta, kurasa nne, na picha sita za rangi. Mhudumu amevaa fulana yenye maandishi, nyuma yake bango, mbele yake watu wamekaa chini ya mwembe. Inaeleza kwamba kwa mwaka mzima ameendesha mikutano 46 na kuwafikia watu 2,300.

Ya pili ni nusu ukurasa, kwa kalamu. Imeandikwa na mama wa kitongoji cha ng'ambo ya mto: "Alikuja akaomba kadi ya mtoto. Akaona chanjo ya miezi tisa haijachanjwa. Nikamwambia baba yake amesafiri, sina wa kumwachia hawa wengine. Akasema Alhamisi atakaa nao yeye. Akaja, akakaa nao mpaka nikarudi."

Basi. Hakuna bango wala idadi ya mikutano.

Kamati iliyochoka huweza kumaliza kazi hapo kabla chai haijapoa. Fomu ya kwanza ina takwimu, ina picha, na mtendaji ameigonga mhuri. Ya pili inaonekana kama barua ya shukrani iliyopotea njia.

Lakini mwamuzi anayejua kazi ya mhudumu ataanza kwa kugawanya. Watu 2,300 kwa mikutano 46 ni watu 50 kwa kila mkutano. Je, ni watu 2,300 kweli, au ni wale wale 50 wa karibu na ofisi ya kijiji, waliohesabiwa mara 46? Fomu haisemi. Wala haisemi ni nini kilichobadilika nyumbani kwa mtu hata mmoja kati yao.

Swali hili si la kamati peke yake. Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanamume. Huchaguliwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano, kisha hupelekwa mafunzoni. Maana yake ni kwamba kila mzazi ana wahudumu wake wawili, au atakuwa nao. Na wakiwa wengi hivyo, tuzo zitafuata: za kata, za halmashauri, za mashirika. Atakayepewa ndiye wenzake watakayemwiga. Akishinda mwenye mabango, mwakani mabango yataongezeka.

Kazi yenyewe haionekani

Tabu ya kuhukumu kazi hii ni kwamba matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea. Daktari anayefanya upasuaji ana mgonjwa aliyepona wa kumwonyesha. Mhudumu wa jamii ana mtoto ambaye hakuugua surua, mama ambaye hakujifungulia njiani, kaya ambayo haikuharisha masika nzima. Nani atapiga picha ya kuhara ambako hakukuwapo?

Ndiyo maana mwamuzi hana budi kutafuta alama zinazobaki nyuma. Ya kwanza na nyepesi kuliko zote ni kadi ya kliniki. Ratiba ya chanjo inajulikana: anapozaliwa, wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, miezi tisa, miezi kumi na minane. Wazazi wengi huanza vizuri. Kwenye miezi kumi na minane ndipo watoto hupotea, kwa sababu mtoto sasa anatembea, mama amesharudi shamba au sokoni, na kadi imelala chini ya godoro. Chanjo ya surua na rubela ya awamu ya pili inangoja siku ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "ulihamasisha wangapi," kamati iulize: katika kitongoji chake, watoto waliopata chanjo ya miezi tisa ni wangapi, na waliorudi kwa ile ya miezi kumi na minane ni wangapi? Rejesta ya zahanati inalo jibu. Pengo likiwa dogo, kuna mtu amekuwa akigonga milango.

Zipo alama nyingine. Kibuyu chirizi nje ya choo, chenye maji na kipande cha sabuni kilicholowa, kinaeleza zaidi ya semina ya kunawa mikono. Sabuni iliyokauka na kupasuka inaeleza pia, kwamba kibuyu kiliwekwa kwa ajili ya wageni.

Wanaosimamia Mashindano ya Taifa ya Afya na Usafi wa Mazingira wanalijua hilo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1988, na wakaguzi huingia vijijini, hufungua milango ya vyoo, huangalia wenyewe. Halmashauri ya Wilaya ya Njombe, ambayo imeshinda mara kadhaa, haikushinda kwa ufasaha wa kuandika ripoti. Tuzo ya mhudumu mmoja mmoja haina fedha za msafara kama huo, ni kweli, lakini kamati ya kata inaweza kutembelea kaya tano. Asubuhi moja inatosha. Na kaya hizo zisichaguliwe na mpendekezwa.

Hata kabla ya hapo nchi hii iliwahi kupima afya kwa vitendo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Bibi wengi wa leo wanaikumbuka. Hawaikumbuki kwa idadi ya vipindi.

Takwimu zinazomponza mkweli

Upo mtego mmoja ambao hata waamuzi makini hunaswa nao. Mhudumu wa kitongoji A ameripoti mtoto mmoja mwenye utapiamlo. Wa kitongoji B ameripoti tisa. Nani amefanya vizuri?

Jibu la haraka ni A. Sasa ulizeni walivyopima. A alipima watoto walioletwa mkutanoni. B alizunguka na utepe wake wa rangi tatu nyumba kwa nyumba, akamfunga mkononi kila mtoto wa kuanzia miezi sita hadi asiyetimiza miaka mitano, pamoja na yule anayelelewa na bibi asiyetoka nje, na yule ambaye mama yake huona aibu kumleta kwa kuwa amekonda. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo anahitaji matibabu bila kungoja. B amewapata tisa kwa sababu amewatafuta tisa.

Katika nchi ambayo utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, kitongoji chenye ripoti safi kupita kiasi kinahitaji kutazamwa mara mbili. Kamati ikimnyima B tuzo kwa sababu ya takwimu zake, ujumbe utafika haraka kwa wenzake: usitafute sana. Na atakayelipa ni mtoto wa kumi.

Swali la kumtenga mkweli na mwenye bahati ni moja: hao tisa walifika zahanati? Karatasi ya rufaa ina sehemu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mhudumu mzuri anajua nani alikwenda, nani aliishia stendi kwa kukosa nauli, na alimfuata lini.

Kuna wahudumu ambao takwimu zao ni nzuri lakini kwa vitisho: usipokwenda kliniki nitakutaja kwa mwenyekiti, usipojenga choo utatozwa faini. Choo hujengwa, ndiyo. Ila mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ottawa, Kanada, mwaka 1986 ulieleza kukuza afya kuwa ni kuwawezesha watu wawe na mamlaka zaidi juu ya afya zao. Mama aliyekwenda kliniki kwa hofu hatamwambia mhudumu yule kwamba ametokwa na damu. Kamati itajuaje? Kwa kuwauliza akina mama, mhudumu akiwa hayupo.

Na picha? Wapendekezaji wengi hudhani fomu bila picha ya mtoto aliyekonda haina nguvu. Nyingine hutaja jina la mgonjwa, nyumba anayokaa na dawa anazotumia, yote kwa nia njema ya kuonyesha jinsi mhudumu alivyomsaidia. Mhudumu aliyekubali siri za kaya yake zisafiri hivyo hadi kwenye meza ya watu saba ana kasoro kubwa kuliko kukosa mabango, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Mzazi akiombwa picha ya mwanawe, ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na ana haki ya kukataa bila kununiwa.

Kuhusu mwenendo wa kamati yenyewe hakuna mengi. Kila mwamuzi aandike alama zake peke yake kabla ya mazungumzo, maana mganga mfawidhi akishasema "mimi naona huyu," vijana wote mezani wataona huyo. Shemeji wa mpendekezwa atoke nje. Na umbali uhesabiwe: mhudumu wa kaya zilizotawanyika mlimani asipimwe kwa rula ya yule wa mtaa wenye nyumba zilizogusana.

Zawadi nayo isisahaulike. Cheti chenye fremu ni kizuri ukutani. Lakini mtu anayetembea masika kutoka kaya hadi kaya angefurahia gambuti, koti la mvua, baiskeli, au posho yake kulipwa kwa wakati bila kuitwa tuzo.

Linabaki suala la nani aandike. Fomu nyingi hujazwa na viongozi, ambao humwona mhudumu kwenye vikao. Mzazi humwona mlangoni saa kumi na mbili jioni, viatu mkononi, akiuliza kama mtoto amemaliza vidonge vya zinki au ameachia njiani kwa sababu kuhara kumekata. Vidonge hivyo ni vya siku 10 hadi 14, na anayekumbusha siku ya nane anajulikana na nyumba moja tu.

Mzazi anayetaka kumpendekeza mhudumu wake hahitaji kurasa nne. Aandike alikuja lini, alikuta nini, alifanya nini, na baadaye ikawaje. Tarehe moja ya kweli kwenye kadi ina uzito kuliko maneno "mchapakazi, mcheshi na mwenye kujituma." Kama aliwahi kukosea, akarudi kuomba radhi, hilo nalo liandikwe.

Mama wa ng'ambo ya mto aliandika mistari mitano. Kamati ikitaka kuhakikisha, safari yake ni fupi: kuvuka, kupiga hodi, kuomba kadi ya mtoto, na kutazama kama Alhamisi ile ina muhuri. Asiyejua kuandika asimuliwe fomu, amweleze mwanawe wa darasa la sita aandike, halafu mwishoni, penye sahihi ya mpendekezaji, aweke dole gumba.