"Daktari" ni Nani? Na Tajiri Ajibu

Ndugu wafanya kazi,

Neno hili "daktari" limekuwa kama kabuti la stesheni: kila mtu hulivaa. Afungaye kidonda ni daktari. Adungaye sindano ni daktari. Auzaye vidonge dukani naye ni daktari. Hatukatai heshima, lakini heshima ni mbali na cheo ni mbali. Katika reli gadi haitwi dereva, wala dereva haitwi gadi.

Basi tujue. Daktari kwa sheria ya Kenya ni mtu aliyehitimu chuo kikuu, na jina lake limo katika rejesta ya madaktari. Afisa wa kliniki, ambaye wengine humwita tabibu, husoma diploma miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa kazi hospitalini. Hupima na kuandika dawa. Sheria yake ilitungwa 1988 na nyingine 2017, na rejesta yake iko. Yeye si nusu ya daktari. Ni fundi kamili wa kazi yake.

Sasa tazameni ujanja wa matajiri. Mkono wa mtu ukikatwa na mashine, tajiri husema, "Mpelekeni kwa daktari," naye hupelekwa kwa afisa wa kliniki kwa kuwa ni karibu na bei ni nafuu. Kesho yake akileta cheti cha kupumzika, tajiri yule yule husema, "Aliyetia sahihi si daktari," na mshahara unakatwa. Je, jana alikuwa daktari, leo amekuwa nani?

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, yampa aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara mzima, na saba kwa nusu. Cheti kitiwe sahihi na daktari, au mtu asimamiaye zahanati kwa niaba yake. Hilo neno "au" matajiri huliruka wasomapo.

Twasema hivi: tajiri akituchagulia wa kututibu, aikubali na sahihi yake. Nasi tuhakikishe cheti kina jina, cheo na nambari ya rejesta. Tena tumwite kila mtu kwa cheo chake, maana anayeitwa daktari kwa mdomo na kulipwa kama msaidizi amepunjwa kama sisi.

Cheti chako kikikataliwa, usigombane peke yako. Kilete ofisi ya chama.

Umoja ni nguvu.