Sharti Nalo ni Sentensi

Wapo wanaodhani kwamba wapenzi wa lugha hawana lao katika programu za takwimu. Nami nilidhani hivyo, hadi mjukuu wangu aliponisaidia kupanga orodha yangu ya wasimulizi.

Tangu nistaafu ualimu, nimekuwa nikiandikisha wazee wanaosimulia ngano za Kirangi hapa Kolo na katika vijiji vya jirani. Kila mzee ana mstari wake: jina, kijiji, umri. Tulikusudia kuwatembelea wakongwe kwanza. Nikamwambia kijana, "Nitolee wa Kolo na Pahi waliozidi miaka 70." Akaandika kama nilivyotamka: kijiji kiwe Kolo na kijiji kiwe Pahi. Hakutoka hata mmoja.

Kosa lilikuwa langu. Katika mazungumzo "na" huongeza: wa huku pamoja na wa kule. Katika sharti "na" hupunguza: kila mstari lazima utimize yote mawili, na hakuna mzee aliyeandikiwa vijiji viwili. Palihitajika "au".

Tukasahihisha, majina yakatoka. Lakini bibi aliyenisimulia ngano ndefu kuliko zote hakuwamo. Umri wake haukuandikwa, kwa kuwa hakuna aujuaye mwaka aliozaliwa. Tulitumia SPSS, ambayo humwacha nje kila ambaye sharti halina la kumjibu. Stata ingefanya kinyume: pengo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko nambari yoyote, hivyo bibi angeingia, pamoja na kijana yeyote asiyeandikiwa umri. Programu zote mbili hutii bila kuuliza.

Tazameni basi: sharti lilimtupa yuleyule tuliyemtafuta. Wasio na mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ndio wakongwe wenyewe. Ikatubidi tuseme kwa ukamilifu: kijiji kiwe Kolo au Pahi, na umri uwe umezidi 70 au haukuandikwa, kila jozi ya "au" ndani ya mabano yake, maana mabano hapa hufanya kazi ya mkato.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Tunafundisha "-ki-" na "-nge-" kwa ajili ya mtihani. Tufundishe pia uzito wa "na", "au" na "si" mbele ya orodha ya watu halisi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwamba ungali unaitunza. Ngano haina mwamba. Ina mzee mmoja, naye asipotoka kwenye orodha, hatembelewi.