STAA ALIYEMWAGA OILI MFEREJINI CHEKERENI HASTAHILI MAKOFI

Makofi yamezidi. Tangu staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, arushe video akiwa amelala chini ya ndinga yake uani kwa mama yake, Chekereni, Moshi, mashabiki hawapumui kwa sifa. Eti mwanaume wa shoka. Eti hajasahau kwao. Eti mastaa wengine waige, siyo kila kitu kukimbilia gereji.

Sasa wadau, makofi yaishe kidogo, mambo yaangaliwe moja moja.

Mwamba alipanda Moshi Desemba kama wenzake wote wanaokwenda kula Krismasi nyumbani. Ndinga yenyewe imeshushwa chini kwa ajili ya mbwembwe za Dar, karibu ilambe lami. Njia ya kuingia kwa mama haina lami. Jiwe moja tu, kishindo, na asubuhi kukawa na dimbwi jeusi chini ya injini. Sampu imepasuka.

Kwa asiyejua, sampu ni lile bakuli la chini kabisa la injini linalotunza oili. Likivuja, oili inapungua kimya kimya. Siku taa nyekundu yenye alama ya birika inawaka kwenye dashibodi, mara nyingi beringi zimeshaanza kusagika. Ukiendelea kukanyaga mafuta, injini inanoki, na hapo habari ni ya kununua injini nyingine. Kwa hiyo staa hakukosea kuamua kubadilisha sampu kabla ya kurudi mjini. Hapo apewe haki yake.

KUFUNGUA SAMPU NYUMBANI SI USHAMBA

Haki hiyo apewe hata mbele ya mdada mmoja maarufu wa Moshi mjini, mwenye duka la nguo na ulimi mrefu, aliyeiona video akacheka kwamba mwanaume mwenye hela hawezi kulala kwenye vumbi. Dada huyo amekosea. Kuna watu wengi wanaoishi mbali na gereji, wana gari moja la familia linalobeba mchele sokoni na mgonjwa hospitali, na gari hilo likivuja haliwezi kusubiri. Kujua kufungua sampu ni akili, na kwa magari mengi madogo kazi yenyewe inawezekana nyumbani kabisa.

Ila ina utaratibu wake, na utaratibu huo ndo haumo kwenye video.

Kwanza, fundi makini haamini dimbwi. Oili hushuka. Inaweza kuanzia juu kwenye kava la tepeti, kwenye swichi ya oili, kwenye filta au kwenye sili ya nyuma ya kranki, ikatiririka mpaka kwenye sampu, na sampu ikasingiziwa. Wangapi wamenunua sampu mpya halafu kesho yake gari likavuja vilevile? Injini inaoshwa kwa sabuni, inakaushwa, inawashwa, halafu mtu anachungulia kwa tochi ni wapi unyevu unaanzia.

Pili, siyo kila gari la kufungulia uani. Yapo ambayo sampu haitoki mpaka itolewe bomba la eksozi, na yapo ya kuning'iniza injini kabisa. Hayo yaende gereji, hakuna aibu.

Tatu, gundi. Hapa ndo wengi wanaharibu. Toyota nyingi hazina gasketi kwenye sampu, zinafungwa kwa silikoni. Kwenye video, staa anapaka silikoni kama mtu anayepaka siagi mkate wa Krismasi. Mashabiki wanashangilia! Silikoni ikizidi inabanwa kwenda ndani, vipande vinakatika, vinaelea kwenye oili na kwenda kuziba chujio la pampu. Pampu ikikosa oili, injini inakufa na sampu mpya ikiwa haivuji hata tone. Inatakiwa mstari mwembamba usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti, tena juu ya chuma kilichokwanguliwa gundi ya zamani na kufutwa mpaka kikauke.

Halafu boliti. Ni ndogo zile, za spana namba kumi. Zinashikishwa zote kwa mkono kwanza, zinakazwa taratibu kwa kurukia upande wa pili, na hazihitaji nguvu za kuonyeshea misuli. Ukikaza mpaka uso uvimbe, unakata boliti au unakula uzi wa bloku, na uchungu wa bloku ni mwingine. Baada ya hapo gundi inaachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake. Zipo za saa chache, zipo za siku nzima. Kwenye video, sampu inafungwa, muziki unapigwa, gari linawashwa. Labda ni uhariri. Labda siyo.

JEKI MOJA NA MATOFALI MAWILI

Hayo yote ni hasara ya staa na gari lake. Lakini lipo la kutisha zaidi, na mashabiki wamelipita kama hawalioni.

Gari limenyanyuliwa kwa jeki moja, ile ndogo ya kubadilishia tairi. Pembeni yamewekwa matofali mawili ya kuchoma. Halafu mtoto wa dada yake, mdogo wa shule ya msingi, anaingia mpaka kichwani chini ya gari kumpitishia mjomba spana. Watu wakaandika eti mjomba anamrithisha dogo ufundi.

Anamrithisha nini hasa? Jeki ni ya kunyanyulia gari, siyo ya kulishikilia mtu akiwa chini. Tofali halipindi kwanza likakuonya, linapasuka mara moja. Na ardhi ya Chekereni ni ya mpunga, udongo mzito unaolainika ukishika maji, jeki inazama upande mmoja bila kelele. Anayejua kazi anaweka ubao mpana chini ya jeki, anavuta handibreki, anabana tairi zinazobaki chini kwa kabari, na gari analilaza juu ya stendi za chuma. Kisha analisukuma kwa mkono kabla hajaingia, likitikisika haingii. Asiye na stendi anatafuta gereji yenye shimo. Na mtoto anakaa mbali kabisa, akitaka kujifunza atajifunza kupanga boliti kwenye kopo.

Mwenye wafuasi wengi akifanya ujinga huo hadharani, kesho utafanywa kwenye nyua nyingine nyingi. Huko hakutakuwa na kamera, kutakuwa na kilio.

FUNDI ALIYEKATWA

Majirani waliokuwepo wanasema staa alilala chini kwa muda wa kupigwa picha tu. Aliyefungua boliti zote, akakwangua gundi kwa kisu chembamba bila kupinda kingo, akaifuata sampu nyingine mjini kwa bodaboda na kuifunga, ni kijana fundi wa pale pale. Kwenye video unaonekana mkono wake mara moja, basi. Wanasema ndiye aliyeomba stendi ziazimwe kwanza, akajibiwa, "Mangi, tuache uoga, mwanga unaisha."

Malipo? Aliambiwa atarushiwa kwenye simu akishatulia. Inasemekana mpaka leo simu haijalia ule mlio.

Kutafuta kiki siyo dhambi, mjini watu wanakula kwa kiki. Ila kiki ya jasho la mtu mwingine, tena asiyelipwa, ina jina lake la Kiswahili, na jina hilo si ufundi.

LITA NNE ZINAKWENDA WAPI?

Na hapa ndo penye kiini. Sekunde za mwisho, beseni la oili chafu linabebwa kuelekea nyuma ya nyumba. Video inakatwa. Majirani hawakukatwa macho. Oili ilimwagwa mfereji.

Mama mwenyewe alisema, "Baba, hayo maji yana wenyewe." Akajibiwa, "Mama, ni kalita nne tu."

Kalita nne! Hebu jina la Chekereni likumbukwe linatokana na heshima gani huku Moshi. Ni kijiji cha mpunga, ndani ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini uliojengwa kwa ushirikiano na Japani na kukamilika mwaka 1987. Maji yanatoka mito ya Rau na Njoro. Chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kipo hapo hapo. Na maji yenyewe hayatoshi, kila anayelima kule anajua habari ya kusubiri zamu. Kuna mama anaamka usiku kulinda zamu yake ya maji isiibwe, halafu yanafika shambani na utando unaong'aa rangi rangi, kwa sababu kuna mtu hapo juu alikuwa anarekodi video.

Ndinga ya Kijapani imetapika kwenye mfereji uliojengwa pamoja na Wajapani. Ingekuwa utani, watu wangecheka.

Injini ndogo ya 1NZ, ile iliyojaa kwenye IST za mjini, inabeba takriban lita 3.7 ikiwekwa na filta mpya. Kweli ni kidogo kwa macho. Lakini shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limekuwa likionya kwamba oili chafu ya kubadilisha mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za vyuma vilivyosagika, haiozi haraka, inashika mashina ya mpunga na kuganda kwenye kingo za mfereji ambapo ng'ombe wanakunywa na watoto wanaoga. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu 2004 na ina NEMC ya kuisimamia. Hakuna kifungu kinachosema staa akiwa likizo anaruhusiwa.

Watetezi wake wanajibu kwamba gereji ngapi za uswahilini zinamwaga chini kila siku, mbona hazisemwi? Zisemwe nazo. Uchafu wa jirani haujawahi kuwa sabuni. Tena huyu alikuwa na njia rahisi mno, dumu tupu la mafuta ya kula lilikuwa pale pale jikoni kwa mama. Oili chafu ikiwekwa kwenye dumu na kufungwa, inapelekwa gereji inayokusanya. Mafundi seremala nao wanaitafuta wapake mbao zisiliwe na mchwa. Gharama yake ni mfuniko mmoja.

Staa bado ana nafasi ya kujisafisha, na hahitaji kuomba radhi kwa machozi. Amlipe fundi wake. Arushe video ya pili, gari likiwa juu ya stendi, mtoto akiwa mbali, fundi akionekana uso na kutajwa jina akipenda, na dumu likiwa limefungwa mfuniko. Hiyo itafundisha watu, na makofi yake yatakuwa halali.

Akishindwa hayo, basi mchele wa zawadi aliopewa na mama wakati anarudi Dar aule akikumbuka ulikunywa maji gani.

Wadau, mnasemaje? Staa anaonewa, au ameyataka mwenyewe?