Mraba Usiodanganywa

DIRISHA LA KINORU
Na Kendi Muriungi

Mzazi wa Kinoru, hapa Meru, akimpeleka mtoto kliniki kwa matone ya polio, ana haki ya kuona kitu kimoja ambacho ni nadra kuonyeshwa: kibandiko cha kichupa. Kina duara la zambarau, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa umepauka kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Ukilingana nalo kwa rangi au ukikolea zaidi, chanjo hiyo haifai tena, hata kama tarehe yake haijapita. Kibandiko hiki kimekuwa kwenye matone ya polio tangu 1996. Wauguzi wanakijua vizuri. Sisi wazazi ndio tumeachwa gizani.

Kwenye mraba ule kuna molekuli zisizo na rangi. Joto huziunganisha kuwa mnyororo mrefu, na mnyororo huo ndio wenye rangi. Joto likizidi, zinaungana upesi zaidi. Friji ikipoa tena, hazifumuki. Umeme ukipotea Jumamosi usiku na kurudi Jumapili jioni, daftari la joto la friji laweza kujazwa lote Jumatatu asubuhi, kwa kalamu moja na mkono mmoja. Mraba haujazwi na mtu. Kasoro yake ni kwamba hauonyeshi kama chanjo iliganda. Kwa hilo bado tunamhitaji muuguzi makini.

Katika maabara kubwa za dunia, wanasayansi wanatafuta kinyume cha hapo: molekuli inayogeuka na kurudi kama swichi, huenda siku moja ikahifadhi taarifa katika nafasi ndogo ajabu. Maarufu kati yake ni azobenzini. Miale ya urujuanimno huikunja. Mwanga wa buluu au joto huinyoosha. Ikiwa ndani ya kimiminika, hutii. Ikilazwa juu ya dhahabu, inagoma, kwa kuwa metali huinyang'anya nishati ya mwanga kabla haijageuka. Mwaka 2007 kundi la Michael Crommie, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, lilitumia azobenzini iliyopachikwa vikundi vinne vya atomi, ambavyo wenyewe waliviita miguu. Miguu ikaiinua kidogo kutoka kwenye dhahabu. Ikageuka kwa mwanga, na ikarudi.

Kwa hiyo swichi ya molekuli haifai kila mahali. Hupimiwa pale itakapokaa. Hata vibandiko vya chanjo viko hivyo. Cha matone ya polio, yasiyovumilia joto, hufika mwisho kwa siku 2 kwenye nyuzi 37. Cha chanjo zinazostahimili huchukua siku 30.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kazi hii ya molekuli tuwaachie Wazungu, sisi tutanunua ikishaiva. Itaiva ikiwa imepimiwa bidhaa zao. Miraa ya Igembe hufungwa kwa majani ya migomba na kukimbizwa sokoni kwa sababu ndani ya siku mbili hivi makali yake hupungua: kathinoni, kemikali inayoyaleta, inageuka kuwa kathini iliyo dhaifu zaidi. Mnunuzi wa Mogadishu hana cha kutegemea ila macho yake na maneno ya dalali. Nani ataipimia miraa kibandiko chake? Na maziwa ya Imenti, je? Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, cha Embu kiko mlango wa pili, na bidhaa ziko shambani. Kaunti zikiwapa wanafunzi wa kemia swali hilo pamoja na fedha za kulifanyia kazi, faida itabaki kwa mkulima.

Hayo yatachukua miaka. La leo halihitaji bajeti. Kabla matone hayajaingia kinywani mwa mtoto, mwambie muuguzi: "Naomba kuona mraba." Atakuonyesha bila kinyongo, maana naye alifundishwa kuutazama kwanza.