Mlinzi Asivunje Mlango

Serikali ikijizoeza kupambana na wavamizi wa kompyuta, twaiunga mkono. Desemba 2015 wavamizi waliwazimia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine. Nchi isiyojizoeza yalala mlango wazi.

Lakini twauliza: zoezi lifanywe wapi, na kwa ruhusa ya nani? Maji ya mji wa Dodoma huvutwa kwa pampu kutoka visima vya Mzakwe. Pampu zikizimwa kwa majaribio, mama wa Chang'ombe atashika ndoo tupu asijue kama aliyemfunga maji ni adui au ni Serikali yake. Kiu ni kiu.

Mwaka 2015, Bunge likiwa papa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kuingia katika kompyuta kwa makusudi pasipo haki ni kosa. Na cheo peke yake si haki! Ruhusa ya maandishi ndiyo mpaka kati ya mlinzi na mwizi.

Wamarekani, mwaka 2007 huko Idaho, waliharibu jenereta kwa amri za kompyuta ili waijue hatari. Lakini ilikuwa jenereta ya majaribio, si ya hospitali.

Basi twadai: zoezi lianzie kwenye mitambo ya majaribio, wenye mtambo waridhie kwa maandishi, taarifa za wananchi zilindwe, kama itakavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hasara ilipwe.

Mitambo ni mali ya wananchi. Ijaribiwe kwa idhini yao, si kwa migongo yao.