Hesabu ya Tikiti Maji

Mkulima apelekapo matikiti maji sokoni huyapanga mafungu mawili, makubwa mbali na madogo mbali. Mchuuzi huja, akalitazama tikiti dogo na kutaja shilingi 50. Kisha akalitazama kubwa, ambalo upana wake ni mara mbili ya lile dogo, na kutaja shilingi 100. Mkulima huona neno hilo ni la haki, nao hupeana mikono. Kumbe amepunjika vibaya, wala si kwa mizani mbovu, bali kwa kutojua hesabu.

Kitu kilicho mviringo pande zote, kama mpira au chungwa, huitwa tufe. Kukipima si kazi kubwa. Chukua uzi, ulizungushe tikiti katikati hasa, kisha uunyoshe juu ya rula. Ikiwa uzi ni sentimita 44, gawanya kwa 22/7, kipimo kinachotosha kwa kazi ya shamba, nawe utapata 14. Hicho ndicho kipenyo. Nusu yake ni 7, na hiyo nusu ndiyo ufunguo wa hesabu yote.

Kwanza, eneo la ganda. Zidisha 7 kwa 7, upate 49. Zidisha kwa 22/7, upate 154. Kisha zidisha kwa 4. Jibu ni sentimita za mraba 616.

Pili, ujazo. Zidisha 7 kwa 7 kwa 7, upate 343. Zidisha kwa 22/7, upate 1,078. Zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni sentimita za ujazo 1,437 na theluthi moja, yaani lita moja na nusu kasoro kidogo.

Sasa lipime lile kubwa, ambalo nusu ya kipenyo chake ni 14. Ganda lake ni 2,464, mara nne ya dogo. Lakini ujazo wake ni 11,498 na theluthi mbili, mara nane kamili! Kwa bei ile ile ya tikiti dogo, kubwa lilistahili shilingi 400.

Aliyeivumbua hesabu hii ni Archimedes, mwenyeji wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Aliona kwamba tufe likitoshea barabara ndani ya mkebe wa duara, ujazo wake ni theluthi mbili za ujazo wa mkebe. Na eneo lake vile vile ni theluthi mbili za eneo la mkebe pamoja na kifuniko na kitako. Mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi waliuteka mji huo, na askari mmoja akamwua. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Cicero, mtumishi wa serikali ya Rumi, alilitafuta kaburi lake. Wenyeji walikuwa wamekwisha kulisahau. Alilitambua katikati ya miiba kwa alama iliyochongwa juu yake: tufe na mkebe.

Asiyesadiki na ajaze ndoo maji pomoni, alizamishe tikiti kwa ncha za vidole mpaka lifunikwe, kisha apime maji yaliyomwagika. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Uzi mmoja na kipande cha karatasi vyatosha kuilinda jasho ya msimu mzima.